Kinachomshikilia Mkristo wakati wa dhiki ni imani yake, au ni ratiba na watu wanne?

1. Mtunza Taa
Wakuu salaam. Nina dai, mnipige mawe taratibu.

Tumezoea kusema mtu alivumilia kwa sababu "imani yake ilikuwa kubwa". Mimi naona kipimo hicho hakina mizani. Ikija dhiki, iwe msiba, ugonjwa mrefu, kufukuzwa kazi au kuteswa kabisa, kinachomshikilia mtu ni mazoea aliyojijengea kabla na watu wachache wanaojua mlango wake. Asiye na hivyo viwili anaondoka kanisani kimyakimya, hata kama mwaka jana alikuwa anaongoza maombi ya mkesha.

Ushahidi wangu ni Buganda, ufalme ulio katika Uganda ya leo. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifika Februari 1879. Novemba 1882 wakaondoka wote, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, huku kwetu upande wa Mwanza. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu hakuna misa wala kitubio, mafundisho rasmi hakuna. Ungetegemea wakute majivu. Wakakuta watu wameongezeka. Na miezi 11 baadaye watu hao ndio waliopelekwa Namugongo kuuawa kwa ajili ya imani.

Nani anapinga?

2. Chumvi Kidogo
Napinga kwanza hesabu. Kwa nini wanne? Watatu hawatoshi?

3. Ndizi Bukoba
Uzi mzuri. Nyongeza: hawakuachwa hivihivi. Ikuluni alikuwepo Joseph Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa vijana wa kasri. Mityana alikuwepo Matiya Mulumba pamoja na Noe Mawaggali na Luka Banabakintu. Karibu na mji alikuwepo Andrea Kaggwa, mkuu wa ngoma za Kabaka, yaani mfalme wa Buganda. Kila mmoja alikusanya watu kwake, anafundisha alichokikumbuka na anabatiza waliokuwa kufani. Kwa hiyo kanisa halikuwa na jengo moja la kufunga. Ukifunga kwa Kaggwa, kwa Mulumba wanaendelea.

Ndiyo maana 22 wale walichomwa pale Namugongo tarehe 3 Juni 1886 bila kutetereka. Walizoea kusimama bila padri.

4. Mlokole Mstaafu
Mleta mada, ratiba haiingii motoni na mtu. Neema inaingia. 1 Wakorintho 10:13 inasema Mungu ndiye hufanya mlango wa kutokea, haisemi jumuiya.

Na msiwasahau Waanglikana, maana naona uzi umeshavaa rozari. Wa kwanza kabisa kuuawa walikuwa wa upande huo: Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na kijana mdogo Yusufu Rugarama, tarehe 31 Januari 1885 pale Busega. Balikuddembe alifuata Novemba, miezi kumi baadaye. Jumla ya Waanglikana ni 23. Rugarama alikuwa mtoto. Amejijengea mazoea gani ya miaka?

5. Mwalimu wa Katekesimu
Ndizi Bukoba (#3), tunyooshe tarehe maana kosa hili linarudiwa kila Juni. Wakatoliki 22 hawakufa siku moja wala mahali pamoja. Waliokufa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 ni 13, akiwemo Karoli Lwanga, mkuu wa vijana wa ikulu baada ya Balikuddembe, naye alichomwa peke yake kabla ya wenzake, moto ukianzia miguuni polepole. Waliobaki tisa: Balikuddembe alikatwa kichwa 15 Novemba 1885. Dionisi Ssebuggwawo, Kaggwa, Ngondwe, Gonza na Bazzekuketta waliuawa kati ya tarehe 25 na 27 Mei 1886. Mulumba alikatwa viungo akaachwa porini Kampala ya zamani, akafa tarehe 30. Mawaggali tarehe 31 huko Mityana. Wa mwisho ni Yohana Maria Muzeeyi, 27 Januari 1887.

Sasa kwenye hoja. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, aliweka utaratibu wa miaka minne kabla ya ubatizo: miaka miwili ya kujiandaa, kisha miwili ya ukatekumeni wenyewe, yaani mafundisho ya ubatizo. Watu wakalalamika kuwa ni mirefu. Ningependa kusema hiyo miaka minne ndiyo iliyowashikilia, ila orodha inanikatalia. Lwanga mwenyewe alibatizwa tarehe 15 Novemba 1885, siku ileile aliyouawa Balikuddembe. Kizito, kijana wa miaka kama 14, alibatizwa na Lwanga usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei kule Munyonyo, pamoja na Mugagga, Gyavira na Mbaga Tuzinde. Siku nane baadaye wako kwenye moto. Na Mukasa Kiriwawanvu hakuwahi kubatizwa kwa maji kabisa, naye hakurudi nyuma.

Kwa hiyo Mtunza Taa, ukisema mazoea, nieleze Kiriwawanvu.

6. Mtunza Taa
Mwalimu asante kwa kunyoosha. Ila kubatizwa jana si kuanza jana. Kizito alikuwa amesumbua kuomba ubatizo kwa muda, akisali na wenzake asubuhi na jioni. Maji yalichelewa, mazoea yalikuwepo. Na Kiriwawanvu alikuwa mkatekumeni, si mpita njia.

Chumvi (#2): wanne kwa sababu ya Marko 2. Mwenye kupooza alibebwa na wanne. Godoro lina pembe nne. Wakiwa watatu, mgonjwa anamwagika.

7. Chumvi Kidogo
Hapo kwenye godoro nimenyoosha mikono.

8. Kandili la Mafuta
Wote mmeruka jambo moja. Hao walikuwa vijana wa ikulu. Kazi yao tangu utotoni ilikuwa kumtumikia bwana mmoja bila kuuliza, na utumishi wa Buganda ulikuwa hivyo: umejikabidhi kwa mtu, unasimama au unaanguka naye. Walipoipokea imani hawakuiacha tabia hiyo, walibadilisha bwana tu. Kwa macho ya Kabaka Mwanga, yule aliyekataa amri yake alikuwa ameasi. Kwa macho yao walikuwa watiifu kuliko siku zote.

Maelezo yangu basi: utii waliofunzwa ikuluni ndio uliogeuka kuwa uvumilivu. Wala siyo ratiba ya sala, Mtunza Taa.

9. Ndizi Bukoba
#8 ungekuwa sahihi kama Mulumba na Mawaggali wangekuwa vijana wa ikulu. Mulumba alikuwa mtu mzima mwenye cheo Ssingo, na Mawaggali alikuwa mfinyanzi. Vyungu havifundishi utii wa kasri.

(Na asante Mwalimu #5, 13 nimeikariri.)

10. Msomaji Kimya
Nimesoma kimya tangu jana, sasa naingia. Mnahesabu waliokufa tu. Waliokimbia na kujificha mwaka 1886 walikuwa wengi, na ndio waliobaki kulijenga kanisa. Je, hao hawakuvumilia?

Kanisa la kwanza lililijadili hili mapema. Kwenye habari za kifo cha Polikarpo, askofu wa Smirna, kuna mtu anaitwa Quintus, Mfrigia. Alijipeleka mwenyewe kwa wakuu na kuwashawishi wengine wajipeleke. Alipoona wanyama wakali wa kuwararua, akala kiapo na kutoa sadaka kwa miungu. Mwandishi anasema wazi: hatuwasifu wanaojitoa wenyewe. Polikarpo yeye alikubali kuhamishwa shamba hadi shamba, akakamatwa akiwa amefichwa. Huyo ndiye aliyesimama.

Kwa hiyo kosa la kwanza wakati wa dhiki ni kimbelembele. Mtu anayetangaza "mimi siwezi kuanguka" ndiye wa kumwangalia kwa jicho la pili.

11. Chumvi Kidogo
Kumbe kukimbia ruksa? Ngoja nimkumbushe mchungaji siku ya harambee.

12. Msomaji Kimya
Chumvi, harambee haina wanyama, ingawa wapo wanaonguruma.

Tuendelee, maana hapa kuna somo ambalo halifundishwi sana: aliyeanguka anarudije. Mwaka 250 Kaisari Decius aliagiza kila mtu katika dola ya Roma atoe sadaka kwa miungu mbele ya kamati, apewe cheti. Vyeti zaidi ya arobaini vimepatikana Misri, vimeandikwa kwenye mafunjo, vingi vya Juni na Julai mwaka huo. Vinafuata mfumo mmoja: jina, baba, kijiji, maneno kuwa siku zote nimetoa sadaka, na sasa mbele yenu nimemimina na kuonja, kisha sahihi za mashahidi. Kimoja ni cha mzee wa miaka 72 mwenye kovu kwenye nyusi ya kulia. Haimaanishi alikuwa Mkristo, agizo lilimhusu kila mtu.

Wakristo wakagawanyika makundi. Wapo waliotoa sadaka kamili. Wapo waliofukiza ubani tu. Wapo waliohonga wakapata cheti bila kutoa chochote, na hawa walijiona wasafi. Dhiki ilipopoa, wote wakagonga mlango. Kipriani, askofu wa Karthago, ambaye mwenyewe alikuwa amejificha, akaitisha mtaguso (mkutano wa maaskofu) mwaka 251. Uamuzi haukuwa wa jumla: kila mmoja asikilizwe kivyake. Mwenye cheti cha kununua arudishwe baada ya toba. Aliyetoa sadaka akae kwenye toba muda mrefu, apokelewe akiwa kufani. Aliyevunjika baada ya mateso ya mwili atazamwe kwa huruma zaidi ya yule aliyekimbilia hekaluni asubuhi na mapema bila kusukumwa.

Kisha dhiki nyingine ilipokaribia, wakalegeza: waliokuwa kwenye toba wapewe ushirika sasa. Sababu yao ni ya kivitendo sana. Utamtakaje mtu amwage damu kwa ajili ya Kristo wakati umemnyima kikombe cha damu ya Kristo? Kule Roma, padri Novatiani alikataa kabisa kuwapokea, akajitenga.

13. Mlokole Mstaafu
#12 hapo nimekubali, na ni mara chache. Petro mwenyewe angekuwa kwenye lile kundi la walioanguka bila kuteswa. Alikana mara tatu, na hata moto wenyewe ulikuwa wa kuota tu.

14. Nesi wa Zamu
Mnaongea moto na wanyama, wakati dhiki ya wengi wetu haina hata moshi. Naomba tushuke kidogo.

Anayefiwa hupata watu wengi siku saba za kwanza. Turubai, sufuria, nyimbo, mchango. Arobaini ikipita wanapungua. Mwezi wa nne anabaki na deni la duka na simu isiyoita. Imani nyingi hupotelea mwezi wa nne. Kwa hiyo kama una watu wanne wa Mtunza Taa, usiwamalize wiki ya kwanza. Wapangeni: mmoja Jumatano, mwingine Jumamosi, kwa miezi sita. Kukaa nusu saa kunatosha. Mtu akipika uji, anywe naye. Msianze na mahubiri.

Nabii Eliya pale chini ya mti wa mretemu aliomba kufa. Malaika hakumkemea wala kumpa aya. Alimwachia usingizi, akampa mkate na maji, basi. Swali la "unafanya nini hapa" lilikuja baadaye, Horebu.

La pili, na hili linaua: kufunga kwa mtu aliye kwenye dawa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari akifunga kavu siku nzima bila kumwona daktari, sukari inaweza kushuka chini ya 4 mmol/L. Anatetemeka, anatoka jasho, anaongea hovyo, na watu wanaanza kukemea pepo badala ya kumpa maji yenye sukari, vijiko vya chai vitatu vinne, kama bado anaweza kumeza. Akiwa hajitambui usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali. Wa TB dozi kwa kawaida ni miezi sita, wa ARV ni kila siku. Kuacha "kwa imani" kunawapa vijidudu nafasi ya kuwa sugu. Afunge kitu kingine: simu, nyama, maneno.

15. Mpiga Kinanda
Nesi hongera, ila malaika alikuja mara mbili. Alikula, akalala tena, akaamshwa akala tena, ndipo akatembea siku 40. Ile mara ya pili ni muhimu kwa hoja yako, maana mgonjwa huwa hainuki kwa sahani ya kwanza.

Mimi naleta kifaa ambacho makanisa mengi yamekiacha kabatini: zaburi za maombolezo. Karibu theluthi moja ya zaburi 150 ni malalamiko, lakini ukisikiliza kwaya zetu utadhani Daudi alikuwa anacheza tu. Zaburi 13 ina aya sita. Mbili za kwanza analia "hata lini" mara nne. Mbili za kati anaomba, kwa kutaja anachotaka. Mbili za mwisho anategemea. Mpe mtu karatasi, aandike sehemu hizo tatu kwa maneno yake mwenyewe. Kwenye "hata lini" ataje jambo lenyewe: kodi ya miezi mitatu, majibu ya vipimo, mume asiyerudi.

Kinachoharibika: watu wanaruka kwenda aya ya tano. Kiongozi akiona machozi anaanzisha pambio la furaha. Mtu anajifunza kuwa mbele ya Mungu haruhusiwi kusema ukweli, na siku ukweli ukimzidi anaona heri asije.

16. Mlokole Mstaafu
Lakini usimwache mtu kwenye kulalamika tu. Zaburi zote huishia kwenye sifa.

17. Mpiga Kinanda
Siyo zote. Soma ya 88. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu wangu, inaishia gizani. Na hakuna aliyeiondoa kwenye kitabu.

18. Bi Mkubwa wa Jumuiya
Nimewasoma wote. Mnataja watu wanne kana kwamba wanaokotwa njiani. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua jumuiya ndogondogo ziwe kipaumbele miaka ya 1970, lengo lilikuwa hilohilo la Mtunza Taa: familia za jirani, zinazojuana, Injili mkononi, kila wiki. Angalieni leo. Nusu saa ya kwanza mahudhurio, nusu saa ya pili michango: ya paroko, ya jengo, ya jimbo, ya msiba, ya harusi ya mtoto wa mwenyekiti. Aliyepoteza kazi anaacha kuja siku ya tatu, kwa sababu jina lake linasomwa kwenye daftari la wadaiwa. Hakukana imani huyo. Alikimbia daftari.

Dawa yake ni ndogo. Michango isisomwe kwa majina. Mhazini ashughulike na mtu mmojammoja, nje ya ibada. Familia zikizidi kama 15, gaweni, maana zikifika 30 mtu anaweza kukosekana mwezi mzima asitambulike. Na kuwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuuliza tu: nani hayupo leo?

19. Chumvi Kidogo
Bi Mkubwa umemaliza. Ila harusi ya mtoto wa mwenyekiti tuiache, kuna wali.

20. Mlokole Mstaafu
Bi Mkubwa, huko kwenu kuna daftari, kwetu kuna fellowship ya uamsho. Ule uliotoka Gahini, Uganda, miaka ya 1930 ukaja hadi Bukoba na Kenya. Utaratibu wake: mnakutana kila wiki, askofu na mpishi benchi moja, kila mtu "anatembea nuruni", yaani anataja dhambi yake kwa jina lake, si kwa mafumbo. Kisha malipizi: ulichoiba unakirudisha, uliyemkosea unamfuata. Wakati wa Mau Mau wengi wa wandugu hao Kenya walikataa kiapo, wakisema wameshakunywa damu ya Kristo, na wapo waliokataa pia kubeba bunduki ya serikali. Walipigwa na pande zote mbili. Askofu mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977 chini ya Idi Amin, alitoka kwenye uamsho huohuo.

21. Ndizi Bukoba
Gahini iko Rwanda, mzee. Leo nimelipiza.

22. Mlokole Mstaafu
Rwanda. Nimetembea nuruni.

23. Kandili la Mafuta
#20 taja na ubovu wake. Kukiri hadharani kukikosa mipaka kunageuka umbea wenye amina. Dhambi inayomhusu mtu wa tatu, kwa mfano uzinzi, ikitajwa mbele ya watu 40, ndoa mbili zinaungua jioni hiyo. Na kuna shinikizo la kuonekana una ushuhuda mpya kila wiki, kwa hiyo mwenye mwezi mkavu ama anatunga, ama anakaa nyumbani. Kanuni wanayoitumia viongozi wenye hekima: kosa la siri likiriwe kwa uliyemkosea na mlezi mmoja, kosa la wazi likiriwe wazi.

24. Mtunza Taa
Nimerudi. Mwalimu (#5) ameniacha na mfupa, na Kandili (#8) kanitia shaka kidogo, lakini kuna wiki moja hamjaizungumzia. Wafungwa walifikishwa Namugongo tarehe 27 Mei. Kuni hazikuwa tayari. Wakafungwa pingu na magogo shingoni, wakasubiri hadi tarehe 3. Wiki nzima ya kusikia kuni zinakatwa. Ushuhuda tunao kwa sababu vijana watatu waliondolewa dakika za mwisho wakaachwa hai, mmoja wao Denis Kamyuka, aliyesimulia baadaye. Wanasali asubuhi, wanasali jioni, wanatiana moyo kwa majina. Kama ni neema, neema ilipita humo.

25. Mlokole Mstaafu
"Ilipita humo" nakubali. "Ilitoka humo" sikubali.

26. Mwalimu wa Katekesimu
Na Mbaga Tuzinde? Wiki hiyohiyo mlezi wake, Mukajanga, mkuu wa wauaji, alimsihi aseme tu ameacha kusali, amfiche. Yeye alikuwa na mtu wa karibu kuliko wote pale, na mtu huyo alikuwa anamvuta nje. Watu wanne wanaweza kukubeba kwenda upande wowote, Mtunza Taa.

27. Mtunza Taa
Hilo nipe siku mbili.

28. Bi Mkubwa wa Jumuiya
Wakati anafikiri: Alhamisi tuko kwa mama aliyefiwa Februari. Mpiga Kinanda, tusome 13 au 88?

29. Mpiga Kinanda
Muulize yeye. Akisita, 88, isomwe polepole na mtu mmoja, na baada ya aya ya mwisho kaeni kimya dakika mbili. Mwambie mpiga ngoma abaki nyumbani.

30. Nesi wa Zamu
Na unga wa uji, kilo moja inatosha. Nani analeta sukari?

31. Chumvi Kidogo
Mimi. Chumvi nitaiacha.